Kiti cha Kushoto, New York

Duluth, Minnesota
Ijumaa, 9 Novemba 2018

Mama,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata Baba, hata daftari langu. Si wewe uliyekosea kubonyeza. Ni mimi niliyekuombea ukapteni wa New York.

Ilikuwa Jumamosi ya pili ya Septemba. Wewe na Baba mlikwenda kununua matairi ya theluji, ukaacha kompyuta yako mezani, ukurasa wa kampuni uko wazi. Nikaingia kwenye maombi yako ya kituo, yale yanayokaa humo mwaka mzima hata mwenyewe ukiyasahau. Yalikuwa na mstari mmoja tu: Minneapolis, rubani msaidizi. Juu yake nikaandika: New York, kapteni. Nikahifadhi, nikafunga, nikaenda kuosha vyombo. Nikavunja kile kikombe cha samawati.

Majibu yalipotoka Oktoba ulikuwa umesimama jikoni na simu mkononi. Ulimwambia Baba lazima uligusa pasipostahili, wewe na vidole vyako hivyo. Baba alicheka. Mimi nilikuwa kwenye ngazi, nikapanda chumbani kwangu.

Sasa nakwambia kwa nini. Ile orodha ya ukongwe ya kampuni yenu mimi huisoma. Najua si kitu cha kusoma, lakini nakisoma: majina elfu tisa ya marubani, kila mmoja amepangwa kwa siku aliyoajiriwa. Wewe ni wa 4,216. Kila Krismasi Bibi Hilja anakuuliza utakuwa kapteni lini, nawe unamjibu zamu yako haijafika. Basi nikamtafuta Travis Keough, yule kijana aliyekuja kusoma nawe hapa akatumalizia supu. Yeye ni wa 5,870, nyuma yako kwa watu zaidi ya elfu moja na mia sita, na ni kapteni New York tangu mwaka juzi. Nikarudi nyuma kwenye majibu ya miaka yote. Zamu yako ilifika nilipokuwa na miaka kumi. Tangu hapo imekuja mara kumi na moja, na kila mara umeipisha.

Halafu Agosti nikakusikia ukimwambia Shangazi Peg kwenye simu: "Siwezi kwenda New York na Aila bado yuko shule. Mtoto mwenyewe haongei na mtu." Nilikuwa nyuma ya mlango wa sauna na taulo mkononi.

Ni kweli siongei na watu. Lakini sikubali kuwa sababu. Sikukuomba ukae kiti cha kulia, cha rubani msaidizi, kwa ajili yangu, na sitaki kuja kuambiwa nikiwa mtu mzima kwamba ulikaa.

Naomba radhi kwa kugusa kompyuta yako. Kwa hilo jingine siombi.

Nimeandika kwa sababu kwenye simu nitasema "sawa, Mama" kama kawaida, na hutajua kitu.

Aila


Tulsa, Oklahoma
Jumatano, 14 Novemba 2018

Aila,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nimesimama, ya pili nimekaa. Nina hasira na sitaificha.

Unajua kuhesabu, hilo silipingi. Orodha imekupa namba yangu. Haikukupa maisha yangu. Hebu nikuongezee hesabu ambayo haimo humo.

New York hakuna anayeitaka. Wakongwe huchukua vituo vilivyo karibu na nyumba zao, ndiyo maana ukapteni wa New York unawaangukia vijana kama Travis. Minneapolis, kati ya marubani wasaidizi mia tano, mimi ni wa arobaini na tatu. Natoka nyumbani na gari langu, baada ya saa mbili na nusu niko kazini. Nachagua safari. Jumamosi nipo. Krismasi nipo. Uliposoma insha yako mbele ya shule nzima nilikuwa mstari wa mbele, na wewe ulinitazama mimi tu mpaka ukamaliza. Unadhani siku ile niliipata wapi? Niliipata kwenye namba.

New York nitakuwa kapteni mpya kabisa, na mwaka wa kwanza kapteni mpya hachagui, hata awe mbele ya Travis kwenye orodha. Nitawekwa zamu ya akiba: siku tano nimeshika simu, ikilia niwe uwanjani ndani ya saa mbili. Huwezi kuingoja simu hiyo ukiwa Duluth, kwa hiyo nitakodi kitanda huko kwenye nyumba ya marubani. Na kufika tu ni shughuli. Gari mpaka Minneapolis, kisha naomba kiti kilichobaki kwenye ndege. Ikijaa, kuna kile kiti kimoja cha kukunja nyuma ya marubani. Akitokea mkongwe kuliko mimi, anakichukua yeye, nami nabaki langoni na begi langu. Nikichelewa kazini, "ndege ilijaa" si udhuru.

Hayo ndiyo uliyobonyeza.

Nilikuja Tulsa kwenye mafunzo ya ukapteni kwa sababu niliona haya kumwambia mkuu wa marubani kwamba nilikosea kidole. Lakini hadi siku ya mtihani wa mwisho, tarehe 14 Desemba, naruhusiwa kujitoa na kurudi kiti changu cha Minneapolis. Barua ya kujitoa nimekwisha kuiandika. Iko kwenye droo ya hoteli. Nitaipeleka Jumatatu baada ya Sikukuu ya Shukrani.

Baba yako bado anaamini ni vidole vyangu. Mimi simwambii. Mwambie wewe.

Kula vizuri, na ufunge zipu ya koti.

Mama


Duluth
Ijumaa, 23 Novemba 2018

Mama,

Nimemwambia. Nimewaambia wote, na sikupanga.

Jana, Sikukuu ya Shukrani, tulikuwa wanne mezani: Baba, Bibi Hilja, mimi, na Bwana Rollie Ostby wa jirani, maana hana mtu tangu mkewe afariki. Bibi alikuwa anakata bata mzinga. Akaanza polepole kama anavyoanza: kwamba siku hizi mkwewe Lenore anasherehekea na mashine za kuigiza ndege. Baba akasema ni mafunzo tu, yataisha. Bibi akasema yakiisha ndipo patamu, mke wa mtu kwenda kulala nyumba moja na wanaume wanane, vitanda vya kupandana kama watoto wa kambini.

Kawaida hapo mimi huangalia sahani. Jana nilimwangalia yeye. Nikasema, "Bibi, Bwana Ostby alirusha ndege za mizigo kutoka Anchorage miaka saba, akilala huko huko. Kila akirudi ulimpelekea mkate wa iliki."

Bwana Ostby akasema kweli, na mkate ulikuwa mzuri.

"Rollie alikuwa analisha familia," Bibi akasema.

"Na Mama analisha nani, paka?"

Baba alicheka kidogo kisha akaacha, maana Bibi alikuwa bado na kisu mkononi. Akaniuliza ulimi huo nimeutoa wapi, yeye miaka kumi na sita hajawahi kuusikia. Na Baba, kwa kunisaidia, akasema basi, mambo yenyewe yameletwa na vidole vya Lenore, tusigombane kwa ajili ya kidole. Nikaona nikinyamaza hapo nitanyamaza maisha yangu yote. Nikasema, "Hakukosea. Nilibonyeza mimi, kwa makusudi."

Bibi akaweka kisu chini, akaleta pai ya maboga. Bwana Ostby alikula vipande viwili.

Leo asubuhi Baba alinikuta nikifunga viatu. Hakupaza sauti, unamjua. Alisema meli za madini zinaondoka zinarudi, ndiyo kazi yake kule gatini kuzipokea, lakini hakuoa meli. Akasema nikuandikie hivi: urudi nyumbani, hataki mke wa kusoma kwenye barua.

Huo ndio ujumbe wake, nimeufikisha kama ulivyo. Wangu ni huu. Usipeleke hiyo barua kwa ajili yangu. Kama unaipenda Minneapolis, rudi, na nitakupokea na gari njiani. Lakini ukirudi kuja kukaa mstari wa mbele, mimi sipandi tena jukwaani. Nitakaa kwenye kiti changu waite jina langu mpaka wachoke. Unajua naweza.

Aila


Tulsa
Jumamosi, 1 Desemba 2018

Aila mwanangu,

Jumatatu niliichukua barua mpaka mlangoni mwa ofisi. Mlango ulikuwa wazi, karani ananitazama. Nikapita, nikaenda kunywa kahawa. Jumanne hivyo hivyo. Jumatano sikuibeba.

Wewe ulisema lako kwanza. Hili langu ni la miaka sita, na baba yako analisikia leo kwa simu baada ya mimi kuiweka barua hii kwenye sanduku la posta. Nimeanza na wewe kwa sababu wewe ndiye niliyekusingizia.

Unakumbuka ukiwa na miaka kumi nilikuja hapa Tulsa wiki sita? Niliwaambia ni mafunzo ya ndege mpya. Hayakuwa hayo. Zamu yangu ilifika, nikaomba ukapteni, nikapewa, nikaja, nikaanguka mtihani. Jina la anayeanguka hufutwa kwenye majibu, ndiyo maana hukuliona.

Nitakueleza nilivyoanguka, kwa sababu ni kosa la watu wa kazi yetu. Rubani msaidizi anakaa kulia. Mkono wake wa kushoto ndio unaosukuma nguvu za injini, wa kulia umeshika usukani. Kapteni anakaa kushoto, mikono inabadilishana kazi. Nilikuwa nimekaa kulia miaka kumi na miwili. Kwenye ile ndege ya kuigiza, mwalimu akazima injini moja wakati tunaondoka. Mikono ilinipotea, lakini mikono ningeisamehe. Kilichoniangusha ni shingo. Niligeuka kumtazama mwenzangu, nikangoja aseme tufanye nini. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na tisa, amekaa kulia, ananingoja mimi. Sekunde nne, Aila. Mwalimu alizihesabu.

Nikarudi kiti cha kulia. Anayeanguka mara mbili anaitwa mbele ya kamati, na kamati ikitaka inamwondoa kazini kabisa. Niliogopa. Lakini huwezi kumwambia mama mkwe wako kila Krismasi kwamba unaogopa. Nikasema zamu haijafika. Shangazi yako akanibana, nikasema Aila. Hukuwahi kuwa sababu, ulikuwa kisingizio, tena kisingizio kizuri. Mwanamke akisema "mtoto wangu", hakuna anayeuliza swali la pili.

Umeuliza.

Nilipoyaona majibu pale jikoni, kabla ya aibu na kabla ya uongo wa vidole, kwa pumzi moja hivi nilifurahi. Hilo nalo lijue.

Sasa napiga mswaki kwa mkono wa kushoto na nakoroga kahawa kwa huo huo. Mwenzangu wa mafunzo ananiuliza kama nimepata kiharusi. Usiku naketi kitini hotelini, nasukuma injini zisizokuwepo kwa mkono wa kulia, na nasema kwa sauti, "Ndege ni yangu." Jirani wa chumba cha pili amegonga ukuta mara mbili. Naye namwambia ndege ni yangu.

Tarehe 14, saa mbili asubuhi. Usinipigie.

Mama


Kew Gardens, New York
Jumamosi, 16 Februari 2019

Aila mwanangu,

Tangu nipite mtihani, simu hii ya zamu ya akiba naujua mlio wake kuliko sauti yako. Krismasi nzima niliiweka karibu na sahani, haikulia hata mara moja. Siku hiyo ningeweza kuwa kwetu. Nilipofunga zamu na kuondoka ndipo ikalia simu ya mwenzangu.

Nyumba yetu ina watu tisa, vitanda kumi na birika moja. Mkubwa wetu ni Kapteni Delmar Pruitt wa Mobile, Alabama, miaka sitini na tatu. Kwenye orodha nzima ni wa thelathini na saba. Angeweza kukaa kituo chochote. Anakuja New York kwa sababu kwingine atakuwa wa kumi, hapa ni wa pili, na ameizoea hiyo "wa pili" kama wengine wanavyozoea sukari. Amesafiri hivyo miaka thelathini na moja. Nilimuuliza imemgharimu nini. "Wake watatu," akasema, "lakini hakuna hata mmoja aliyelalamika kuwa ananiona mno." Wengine walicheka. Mimi nilicheka, kisha nikaenda bafuni nikakaa.

Kazi yenyewe naipenda. Mwezi uliopita tulikuwa twende Syracuse, theluji imekaa kwenye mabawa, abiria wamechoka, mtu wa langoni ananihimiza. Nikasema hatuondoki mpaka wasafishe tena. Wote wakangoja. Rubani wangu msaidizi aliandika saa, basi. Hakuna aliyenitazama kama anangoja mwingine aseme. Nililala vizuri siku ile.

Lakini wiki iliyopita nilikuwa na siku tatu za mapumziko. Ndege mbili zilijaa. Ya tatu, kiti cha kukunja akakichukua kapteni wa Minneapolis aliyeajiriwa miezi mitano kabla yangu. Aliniomba samahani, akapita. Nilifika nyumbani nikakaa na ninyi saa tisa, saba kati ya hizo nimelala. Baba yako alinitengenezea samaki wa kuoka, nikasinzia mezani. Alinifunika na koti lake. Afadhali angenigombeza.

Maombi mapya yamefunguliwa, yanafungwa Ijumaa tarehe 22, saa sita mchana. Kuna nafasi ya rubani msaidizi Minneapolis. Nimejaza fomu, sijaituma. Kampuni haitaniuliza kwa nini. Nataka wewe ujue tofauti: safari hii si woga. Ni uchovu. Uchovu ni sababu halali, na mtu ana haki nao.

Usiniambie nifanye nini. Wala usikaribie kompyuta yoyote.

Mama


Buffalo, New York
Jumamosi, 23 Februari 2019

Baba,

Umepata ujumbe wangu wa simu kwamba niko salama na niko na Mama. Mengine nimeona niandike. Najua umekasirika. Shule nitalipia siku hizo mbili kwa kazi ya ziada, nimekwisha kumwandikia mwalimu.

Alhamisi, ulipoondoka kwenda gatini kutengeneza mikanda ya kupakilia madini, nilichukua kwenye droo pasi ya familia ya kupanda ndege za kampuni na begi la shule. Mwenye miaka kumi na sita anaruhusiwa kusafiri peke yake, nilisoma kanuni mara tatu. Duluth mpaka Minneapolis kulikuwa na viti. Minneapolis mpaka New York hakukuwa na kiti. Na sisi wa pasi pia tunapangwa kwa ukongwe, Baba, kwa ukongwe wa mtu wetu. Kila nilipokaribia, akaja mke wa fulani wa namba elfu moja, au mtoto wa fulani, wakapita. Ndege mbili ziliniacha. Ya tatu jina letu likaitwa la mwisho, kiti karibu na choo. Nilichoka mno, na nilikuwa nimeketi tu. Nikajua Mama husimama hivyo kila wiki halafu anakwenda kazini.

Mama alifungua mlango wa Kew Gardens, akanitazama kama bili. Akaniuliza kama wewe umekufa. Nikasema hujafa. Akaniuliza kama nimekuja kumwambia nini cha kufanya. Nikasema hapana, nimekuja kukaa.

Ijumaa hakuitwa asubuhi. Kapteni Pruitt alikaanga mayai akatuachia sufuria. Kompyuta ilikuwa wazi mezani, kati ya chumvi na mkate, fomu imejazwa, imebaki kubonyeza. Nilikalia mikono yangu, kweli, Baba. Ilipofika saa sita kasoro dakika kumi akaniuliza nilivyosafiri. Nikamweleza yote, na yule mke wa namba elfu moja aliyekuwa na mbwa. Alicheka mpaka akashika meza. Kisha akasema, "Kwa hiyo njia hii inapitika kutoka kwenu pia." Hakuniuliza, alikuwa anajiambia.

Nikasema ndege inayomleta Minneapolis ndiyo hiyo hiyo inayorudi New York, na tangu Desemba hakuna mtu wa nyumba yetu aliyewahi kuipanda. Mimi, wewe, hakuna. Tumekaa madirishani tunamlaumu kwa kuchelewa.

Saa sita ikapita. Aliitazama saa ya ukutani, akaifunga kompyuta, akaniuliza kama nakula kitunguu kibichi.

Kwa hiyo anabaki, Baba. Ni kapteni mpya wa New York, asiyechagua zamu mpaka mwaka wake wa kwanza uishe. Hakuna aliyembonyezea safari hii. Ukitaka kugomba, gomba na yeye, lakini gomba uso kwa uso. Barafu bado imefunga ziwa na meli haziji kabla ya mwisho wa Machi. Una wiki nne na una pasi. Beba kitabu.

Saa nane simu ikalia. Walimtaka kwa safari ya Buffalo jioni, alale huko, arudi leo. Alivaa, nikamfungia vifungo vya alama za ukapteni mabegani kwa sababu mikono yake haifiki vizuri. Tukapanda treni pamoja mpaka uwanjani. Yeye akapitia mlango wa wafanyakazi. Mimi nikaenda langoni kwa abiria.

Mbele ya dawati walikuwa watu sita. Nikangoja. Nilipofika, nikamwambia yule mama jina langu na namba ya mfanyakazi wetu, kwa sauti iliyosikika bila kurudia, na nikaomba kiti kwenye ndege hiyo. Akaniuliza kama nina mtu Buffalo. Nikasema hapana, mtu wangu ndiye anayeirusha. Akanipa 22E, katikati. Nikaingia, nikasukuma begi chini ya kiti cha mbele, nikafunga mkanda.

Aila